Samaki Niliowapara Magamba

Nyumbani kwetu Busunzu mgeni hapewi samaki mwenye matumbo. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na ndilo lililotaka kuniharibia siku ambayo naishukuru kuliko zote za kidato cha tatu.

Kwenye kijito tunakochota maji kuna visamaki vya urefu wa kidole. Watoto huvikamata kwa kuchezea tu, hakuna anayevijali. Mimi nilianza kuviandika katika daftari langu la siri kwa sababu ni rahisi kukaa na samaki kuliko kukaa na watu. Samaki hakuulizi mbona umenyamaza. Siku moja, kwa haraka, nilikusanya daftari hilo pamoja na la bayolojia. Mwalimu wetu, aliyehamishiwa huku kutoka Singida, alilirudisha bila kusema lolote darasani. Baadaye aliniita ofisini.

"Hawa wenye mstari wa rangi ya chungwa nyuma ya shavu, umewaona kweli au umewatunga?"

"Nimewaona, Madam."

Akampigia simu mtafiti wa samaki aliyekuwa Kasulu, akizunguka kwenye mito. Mtafiti akajibu kwamba hajui samaki wa aina hiyo huku kwetu. Angepita Jumamosi, na Jumapili asubuhi angeondoka kabisa. Angefurahi akikuta wachache wamekwisha kamatwa.

Ijumaa jioni nilikamata saba kwa kipande cha chandarua kuukuu, nikawaweka kwenye ndoo. Jumamosi asubuhi mama akachungulia.

"We mtoto, mgeni anatoka Kasulu na samaki bado wana mavi tumboni?"

Niliona aibu kweli. Nikachukua kisu. Nikawapara magamba mmoja mmoja, nikawapasua, nikatoa matumbo, nikawaosha kwa limau, nikawapanga kwenye sahani ya maua na kuifunika kwa kitambaa. Niliifanya kazi ile kwa heshima zote.

Mtafiti, mama mfupi mwenye mabuti ya mpira na sanduku la chupa, alikuja na mwalimu. Nikapiga goti, nikamkabidhi sahani. Akafunua. Mwalimu akafumba macho.

"Nani amewasafisha?" mtafiti aliuliza taratibu.

"Mwenyewe huyo," mama akajibu kwa fahari. "Nimemfundisha mimi."

Mtafiti akaifunika tena sahani, akasema, "Asante, mama. Nimetembea mito mingi, hakuna aliyewahi kunikaribisha hivi." Ndipo akanieleza, bila ukali, kwamba samaki mmoja hutofautishwa na mwingine kwa kuhesabu magamba ya ubavuni na miiba ya mapezi. Hata matumbo huangaliwa, kujua anakula nini. Nilitazama magamba yaliyokuwa bado yamenata kwenye vidole vyangu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Twende kijitoni," akasema. "Jua bado lipo."

Ng'ombe walikuwa wamekwisha pita na maji yalikuwa tope. Tulihangaika na chandarua mpaka jioni, mama naye ndani ya maji, kitenge kimefungwa juu ya magoti, akiwagombeza samaki kwa Kiha chetu. Tukapata wawili tu, na kwenye tope lile walikuwa wamepauka, mstari hauonekani. Mtafiti aliwalaza usingizi kwa mafuta ya karafuu, akawatia kwenye chupa yenye dawa ya kuwahifadhi wasioze.

"Dawa hula rangi," alisema. "Bila rangi yake akiwa hai, maelezo yangu yatakuwa na pengo. Mstari wake hasa ukoje?"

Wote wakanitazama. Nilichoweza ni kukimbia nyumbani, kuchomoa daftari chini ya godoro na kurudi kumfungulia mtafiti ukurasa. Nilipokumbuka, nilikuwa nimekwisha chelewa: juu ya ukurasa huohuo nilikuwa nimeandika jinsi nilivyolia chooni baada ya darasa zima kunicheka nikisoma risala.

Nadhani aliona neno la kwanza. Akaweka kiganja chake juu ya sehemu ile, akaifunika yote, akasoma chini tu, kwa sauti: "Mstari ni kama ganda la chungwa lililoiva, unaanza nyuma ya shavu, unaishia kabla ya mkia. Akiogopa unafifia. Kwenye mkia doa jeusi, dogo kama mbegu ya mchicha."

Alinakili kila neno. Kiganja hakikusogea mpaka alipofunga daftari na kunirudishia. Nimeshukuru vitu vingi maishani, lakini kile kiganja sijui nikilipe nini.

Wale saba mama aliwakaanga. Mtafiti aliwala kwa ugali, akalamba vidole, akacheka kwamba huenda ndiye wa kwanza kumla samaki asiye na jina na kujua kuwa hana jina.

Juzi mwalimu alileta ujumbe wa mtafiti. Amewalinganisha wale wawili na wa kwenye vitabu na waliohifadhiwa kwenye makabati ya watafiti wenzake, na hawafanani na yeyote. Lakini wawili hawatoshi kumpa samaki jina. Mvua zikikatika atarudi, na anaomba safari hii wabaki na matumbo yao.

Nilimsomea mama. Akaacha kupepeta maharage.

"Sasa mgeni wa watu atakula nini?"