Nilivyoishibisha Injini ya Gesi Changamwe

Siku ya kwanza kazini nilifika Changamwe na shati jeupe. Fundi Mkuu akanitazama kuanzia kola hadi viatu, akauliza, "We, umekuja kuposa?" Nilikuwa na cheti cha sekondari na uvivu wa kutoka nyumbani. Kiwanda kile cha mafuta ya kupikia nilikipenda kwa jambo moja: kutoka kwetu Jomvu Kuu nilikwenda kwa miguu, na mchana nikarudi kula. Miaka baadaye nikapewa usimamizi wa tawi la Likoni, nikakataa kwa sababu ya kuvuka kwa feri kila siku. Mke wangu akawaambia majirani, "Huyu? Wallahi hata choo kikihamishwa atajiuzulu."

Kazi yangu ilikuwa jenereta ya gesi, injini yake kubwa kama chumba. Dizeli hujiwakia kwa kubanwa tu; hii ilitaka plagi zitoe cheche. Fundi Mkuu hakuwa na kipimo ila sikio. "Isikilize," alisema. "Ikikohoa ina njaa. Iongeze." Palikuwa na skrubu ya kuongeza na kupunguza gesi, nikaishika zaidi ya miaka ishirini. Mchanganyiko wa gesi nyingi tuliuita mzito, wa hewa nyingi mwembamba. Mimi nilipenda mzito. Injini ilinguruma kama mtu aliyetoka kwenye pilau la harusi.

Fundi Mkuu alipostaafu, akaja Mhandisi wa Mitambo, binti wa bara mwenye kompyuta na adabu zake.

"Shikamoo, mzee. Injini yako inakula sana."

"Marahaba. Yafanya kazi sana."

"Hapana, mzee. Inapoteza."

Akaongeza hewa, akapunguza gesi, akasogeza wakati wa cheche. Nguvu ikabaki ileile, gesi ikatumika kidogo. Hapo sina ubishi. Lakini sauti! Kama mtu aliyefunga bila daku.

Kisha tukaambiwa wakaguzi wa hewa waja. Majirani wa nyuma ya ukuta wa kiwanda walikuwa wamelalamika kwamba vifua vyawabana. Hewa chafu ya ekzosi, bomba la moshi, ikizidi kiwango, injini ifungwe. Mhandisi alikuwa ametia saini kwamba itapita, na wakubwa walimwambia wazi: ikishindwa, aondoke nayo.

Asubuhi ya ukaguzi niliwahi. Nikaisikiliza. Jamani, wageni waja na mwenyeji akohoa? Nikafungua skrubu robo ya mzunguko. Ikanguruma vizuri. Nikatoka kutazama ekzosi: moshi hakuna hata chembe. Nikajipongeza.

Mkaguzi akatia kipimo bombani, akakunja uso. "Imezidi. Tena sana."

Mhandisi akaisoma karatasi ya kipimo, akaisoma tena. "Jana nilipima mwenyewe," akasema polepole. "Ilikuwa sawa."

Mkaguzi alikuwa keshatoa lakiri ya kufungia injini.

Sikujua kwamba injini ile ukiitoa kidogo tu kwenye wembamba wake, moto wa ndani huzidi ukali, na ukali huo huzaa hewa chafu isiyoonekana kwa macho. Nilichojua ni kwamba binti wa watu abeba kosa langu.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeongeza gesi asubuhi."

"Kwa nini, mzee?"

"Wageni walikuwa waja."

Mkaguzi alicheka hadi akaegemea ukuta. Mhandisi hakucheka. "Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Kipimo kikashuka, injini ikapita. Mchana uleule Mhandisi akaitia skrubu kufuli, ufunguo akakaa nao. Utumishi wangu uliosalia niliumaliza nikijaza daftari la joto na kupangusa vumbi.

Sasa nimestaafu, nakaa nyumbani, cheo nilichokitaka tangu mwanzo. Nimechoka, wala si kazi iliyonichosha. Nyinyi mafundi wa leo mna vipimo. Vitumieni hata sikio likinuna. Siku ile niliungama robo ya mzunguko, tena kwa kuwa palikuwa na mtu wa kupima. Mizunguko mingine yote, ya ile miaka ishirini na zaidi, hewa yake chafu ilivuka ukuta bila karatasi. Nyuma yake pana nyumba za watu, nami nilikuwa nikiwasalimu kila mchana nikienda kula. Hiyo sijui nikamwambie nani.