Chumvi Kwenye Mpunga wa Wilkister

Emérance alimwona kwa macho yake. Yule msichana Mkenya, Wilkister, aliinama juu ya pipa la maji, akamimina chumvi kutoka mfukoni, akakoroga kwa ubao, kisha akageuka kuangalia mlangoni. Mtu asiye na hila, alijiuliza Emérance aliyesimama nje ya kioo na fagio lake, anaangalia mlango wa nini?

Ulikuwa mwaka wa pili wa corona. Sydney ilikuwa imefungwa, na watu wa mtaa wa Guildford kama yeye hawakwenda kazini bila kupimwa pua. Katika ile nyumba ya vioo, ambamo wasomi walikuza mpunga kwenye vyungu, sharti lilikuwa mtu mmoja kwa wakati. Wilkister akitoka, Emérance anaingia kufagia. Hawakuwahi kusemezana, walipungiana mikono tu, na mikono yenyewe ina glavu.

Lakini chumvi Emérance aliijua. Kwao, bonde la Ruzizi, miche yake ya mpunga ilianza kuungua ncha za majani, zikawa nyeupe, hadi kitalu chote kikalala. Alionja udongo. Chumvi. Akamtaja mke mwenzake, Marie-Jeanne, ambaye wiki ile alinunua chumvi ya ng'ombe na ng'ombe hana. Nani alimsikiliza? Wakwe walisema Emérance ana mkono mbaya, shamba wakampa Marie-Jeanne, na mume akatazama chini. Miaka imepita, hilo halijampita.

Sasa ncha zilezile nyeupe zilikuwa mbele yake. Amwambie msimamizi? Kati ya mfagizi na msomi, angeaminiwa nani? Akafunga mdomo, akavuta mpira wa maji, akaosha udongo wa kila chungu mpaka maji yaliyotoka chini yakawa hayana ladha. Alifanya hivyo kila zamu. Safu ya nyuma tu, iliyobanwa ukutani, mpira haukuifikia.

Majani mapya yakachipua. Siku moja akamkuta Wilkister anamngojea nje, barakoa kidevuni.

"Mama, ni wewe unaosha mpunga wangu?"

"Ni miye. Na chumvi yako nimeiona. Sikusoma, lakini macho ninayo. Mpunga wa nani huo unaouonea wivu hivyo?"

"Ni wangu!" Msichana akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Mama, umenimaliza. Kuna mashamba yameingia chumvi, mpunga haushiki tena. Sisi tunachanganya aina mbili, tunapata watoto wengi, halafu wote tunawatilia chumvi. Atakayebaki hai ndiye tunayemtafuta. Wewe umewaokoa wote. Nitamjuaje sasa?"

"Hata Marie-Jeanne alikuwa na maneno matamu."

"Marie-Jeanne ni nani?"

"Ngoja hapo hapo."

Emérance akaingia peke yake, akaenda hadi safu ya nyuma. Vyungu vilikuwa vimejaa majani makavu, na udongo umefanya ukoko mweupe. Isipokuwa kimoja. Mpunga wake ulisimama kijani, umenona. Akachota udongo wake, akauweka ulimini, akautema. Ulikuwa mkali kuliko ule wa Ruzizi. Hasira ikampanda upya: mbegu kama hii ilikuwa wapi siku zile?

Akatoka, hakuomba msamaha. "Kimoja kimekuponea," alisema, akachukua fagio.

Baadaye Wilkister alipanda miche mingine. Haikuchukua muda akapiga simu kutoka kwake, mtaa wa Cabramatta: anayekaa naye nyumba moja amekutwa na corona, hatoki mtu.

"Mama, miche itiwe chumvi leo. Nimeshakuombea ruhusa. Mfuko uko chini ya meza, makopo mawili kwa pipa."

Emérance akatazama juu ya mlango. Kulikuwa na kamera. Huu waweza kuwa mtego, aliwaza: nionekane mimi namwaga chumvi, mpunga ufe, nifukuzwe, na safari hii wawe na picha.

"Sema tena nikurekodi. Jina lako, jina langu, na chumvi."

"Mama, jamani!"

"Sema, ama umtafute Marie-Jeanne akutilie."

Wilkister akasema.

Emérance aliinua simu kuelekea kamera, sauti juu kabisa. "Mimi Wilkister nimemtuma Mama Emérance atie chumvi kwenye maji ya mpunga wangu." Akaicheza sauti hiyo tena, na tena, huku mkono wa pili ukimimina. Akakoroga kwa ubao, kisha akageuka kuangalia mlangoni.