Likizo tuliyokwenda kupima mawe Nakapanya, na kilichoturudisha kwenye chaki

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi huwa nasoma tu na kupita. Ila juzi kuna kijana kauliza kama aache ualimu, mkamjibu kwa kejeli mpaka roho ikaniuma. Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu. Majina ya watu nimebadilisha, mengine nimeyaacha yalivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile ruksa ya biashara huria imeshakolea. Nilikuwa mkufunzi wa Kiswahili kwenye chuo kimoja cha ualimu pale Songea. Mimi ni mtu wa Singida, sijaoa, serikali imenipanga huko na baridi lake la mwezi wa sita.

Likizo ya mwezi wa sita chuo kinakuwa kimya kabisa. Wanachuo wameondoka, sisi tumebaki kwenye nyumba za chuo tunapukuchua mahindi.

Sasa kupukuchua mahindi mikono ndiyo inafanya kazi, mdomo uko huru. Kila jioni maongezi ni yale yale. Mshahara umechelewa. Fulani kaacha kazi kafungua duka. Mwenzetu wa Jiografia alikuwa na meza ya mitumba sokoni, na wanachuo wake walikuwa wanambishia bei bila aibu. Tulicheka sana, lakini tulikuwa tunajicheka wenyewe na kila mtu alijua.

Jirani yangu alikuwa mwalimu Ngonyani, mkufunzi wa Hisabati, mwenyeji wa Mpitimbi. Kanizidi umri kama miaka kumi, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, maneno machache.

Sifa yake pale chuoni ilikuwa zana za kufundishia. Anaingia darasani na makopo, visoda, vijiti, mabomba ya sindano. Alikuwa anawaambia wanachuo, "Shule utakayopangiwa itakuwa haina kitu. Lakini maji hayakosekani. Anzia hapo."

Likizo hiyo ndiyo akaja Rashidi.

Rashidi alikuwa mwanachuo wetu, akaacha masomo katikati akakimbilia Tunduru kwenye mawe ya thamani. Mliokuwepo mnakumbuka Tunduru ilivyowaka wakati ule. Sasa karudi na gari lake, kaegesha mbele ya mahindi yetu.

"Shikamooni walimu wangu." Heshima zote, na sukari kaleta.

Akasema ana kibanda cha kununulia mawe Nakapanya, huko huko Tunduru, anahitaji watu wawili wasomi. Ngonyani apime, mimi niandike. Tujaribu likizo hii, tukipenda tusirudi chuoni.

Wakuu, mimi nilishaamua kabla hajamaliza chai. Ngonyani alifikiria siku nzima. Ana watoto, paa la nyumba yake kijijini lilikuwa limeezuka. Jioni akaniambia, "Mdogo wangu, nimefundisha kufundisha mpaka nimechoka. Twende."

Mkewe alimfungia nguo kwenye begi.

Tukaenda. Barabara ya Tunduru ya enzi zile sitaki hata kuielezea, mgongo wangu bado unaikumbuka.

Nakapanya tukakuta kibanda cha mabati pembeni ya barabara, meza, na mizani ndogo yenye mshale. Wachimbaji wanatoka porini na vijiwe kwenye vitambaa. Rashidi akatutambulisha kwa sauti kubwa: "Hawa ni walimu wangu wa chuo. Kuanzia leo mwalimu ndiye atakayepima."

Mngeona nyuso zilivyofunguka. Vibanda vingine vikapoa, foleni ikahamia kwetu.

Kulikuwa na mzee mmoja Myao, Mzee Bakari, macho yamechoka na jua na vumbi. Akaweka jiwe lake mezani, hata mizani hakuitazama. "Sema wewe mwalimu. Ukishasema wewe, mie sina neno tena."

Ngonyani akapima, akasema. Mzee akachukua hela yake, akatuombea dua, akaondoka.

Nilijisikia mtu mkubwa siku ile. Siku nyingi nilikuwa sijaitwa mwalimu kwa sauti ya namna ile.

Kesho yake asubuhi, kabla wateja hawajafika, Ngonyani akatoa bomba la sindano kwenye begi. Hakuwa na wasiwasi na mtu, ni mazoea yake tu. Chuoni alikuwa hatumii kipimo chochote kabla hajakijaribu.

Akaweka kikopo juu ya mizani, akatia akilini mshale ulipo. Akavuta maji kwenye bomba, mililita kumi, akayamimina. Mililita kumi za maji ni gramu kumi, hilo hata mtoto wa darasa la sita anafundishwa.

Mshale haukusogea gramu kumi. Ulikuwa mbali nazo.

Akarudia. Akabadilisha kikopo, akarudia tena. Halafu akakaa chini, akayaangalia yale maji.

Rashidi alipokuja, Ngonyani akamwonyesha kwa upole, kama anasahihisha daftari la mwanafunzi. Nilitegemea Rashidi angekana, angalau ashtuke. Hakushtuka.

"Mwalimu, mizani za hapa zote ndivyo zilivyo. Wapimaji wa mizani hii ninao tele. Wewe nimekufuata Songea kwa sababu ukisema wewe, hawabishi."

Alisema bila ubaya wowote, kama anatusifia.

Wakuu, maneno yale yaliniingia vibaya. Likizo nzima tumekaa kwenye mahindi tunaambizana ualimu hauna thamani. Kumbe yupo mtu aliyeijua thamani yake, na amekuja na gari kuinunua.

Watu wakaanza kufika. Wa pili kwenye foleni alikuwa Mzee Bakari tena, na kijiwe kingine.

Ngonyani akasimama. Mimi niliyemzoea nikajua ameshaingia darasani. Akaweka kikopo, akavuta maji, akawaita wasogee waone. "Baba zangu, ndugu zangu, mizani hii inawapunja. Na jana niliwapimia nayo, sikujua. Nisameheni."

Watu wakaanza kuguna, wengine wakapiga kelele. Vijana wa Rashidi wakatutoa pale kibandani, begi langu likarushwa barabarani. Ujira wetu hata hatukuuliza.

Ningependa niwaambie watu walitushangilia. Hapana. Mzee Bakari alitufuata mpaka barabarani, kitambaa chake mkononi, akamwuliza Ngonyani taratibu:

"Sasa mwalimu, nikauze wapi?"

Ngonyani akainama kuokota begi langu. Tulimwona mzee anageuka anaingia kibanda cha jirani, chenye mizani ya namna ile ile.

Tukarudi Songea. Wenzetu kwenye mahindi walimcheka Ngonyani wiki nzima, wakamwita tajiri wa mawe. Yeye anapukuchua tu.

Chuo kilipofunguliwa alibadilisha somo lake la kwanza. Aliazima mizani dukani, akaipima kwa maji mbele ya darasa. Akasema kila mmoja wao, popote atakapopangiwa, amfundishe mtoto jambo hili kabla ya jingine lolote. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nawaambia ukweli, nilitokwa na machozi.

Siku hiyo ndiyo niliyoacha kutafuta namna ya kutoka kwenye ualimu. Nimestaafu nikiwa na chaki mkononi.

Mwaka jana nilimtembelea Ngonyani kwao Mpitimbi. Mzee sasa, analima. Wanunuzi wa mahindi walikuwa wamefika kijijini na mizani yao, na hakuna aliyepakia gunia. Wote walikuwa wanamsubiri mwalimu amalize chai.

Akatoka na ndoo yenye lita ishirini za maji, akaiweka juu ya mizani yao. Akaninong'oneza, "Nilichelewa kumjibu yule mzee wa Nakapanya."

Kijana uliyeuliza, ukitaka kuacha acha, sikulaumu. Ila kabla hujaondoka, jiulize huko unakoitwa wanataka kazi yako, au wanataka jinsi watu wanavyokuamini.

Walimu wenzangu, na hata msio walimu, imewahi kuwakuta? Andikeni, nasoma zote.