Chozi Lililodaiwa Kaburini

Wa kwanza kuyasifu mashavu ya yule fundi cherehani alikuwa mwalimu aliyeleta sketi ya kupunguzwa. "Umenawiri, fundi. Maisha yamekukubali." Fundi akacheka. Kweli uso ulikuwa umejaa, mbele ya masikio na chini ya taya, na kope za juu zilivimba kama za mtu aliyeamka sasa hivi. Hakuna kilichomuuma. Mtaa ukambandika jina la Bibi Shibe, naye akaitikia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Chake kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Siku zikateleza polepole kama hariri mezani. Mwanga wa dirishani ulimfikia kwa ukungu, macho makavu yakimwasha. Uzi alioulamba ili aupenyeze kwenye sindano ulitoka mdomoni mkavu vilevile. Akaulaumu uzi.

Kisha mama yake akafariki. Fundi alisimama kaburini, moyo ukimpasuka, akayangoja machozi. Hayakuja. Dada yake mkubwa akautazama uso ule mnene.

"Hata chozi moja kwa mama?"

Miezi mitatu dada hakukanyaga kwake, na nyumba zao ni mtaa na mtaa. Fundi aliumia sana. Mama alikwishaondoka, huyu alikuwepo, akimkwepa.

Macho yalipozidi kumwasha akaenda hospitali, na ni daktari wa macho aliyempapasa mashavu badala ya kuyasifu. Wakamkata kinyama kidogo, kikapimwa.

"Ni saratani ya limfu," daktari akamwambia. "Imevamia tezi za mate na za machozi. Inatibika, ila tuanze mapema."

"Za machozi?" Mengine yote fundi aliyaruka. "Niandikie hilo, daktari. Kwa maneno mepesi."

Karatasi ile akaisukuma chini ya mlango wa dada yake, akaenda zake kutibiwa.

Dawa ilidondoka tone kwa tone, dari likaelea, naye akaelea nalo. Alipofumbua macho, dada alikuwa ameketi kando ya kitanda, karatasi mkononi, analia bila kujifuta.

"Mdogo wangu, nilisema huyu ananenepa mama akifa."

"Ulikuwa hujui, dada."

"Mama anashushwa, mimi nakutazama wewe. Kumuaga sikumuaga."

Fundi akajisogeza ukutani, akamwachia dada nafasi kitandani.