Magome ya Mninga kwa Magoti ya Bibi

Nilipokuwa na miaka tisa nilimdanganya bibi yangu, na jambo hili sikumwambia mtu yeyote wa nyumbani kwangu mpaka mwaka huu. Naliandika sasa kwa sababu magoti yangu mwenyewe yameanza kuuma, na mtu akishakaa na maumivu anakumbuka mengi.

Tuliishi Isevya, mjini Tabora, mimi na yeye peke yetu. Mama yangu alifariki mapema, na Bibi Kalunde ndiye aliyenilea. Alikuwa Mnyamwezi mrefu mwenye utani mwingi. Mimi aliniita mke mwenzake, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Lakini mwaka ule utani ulianza kumwisha. Magoti yake yalivimba, na asubuhi alikaa muda mrefu kwenye ukingo wa kitanda akiyabembeleza kabla hayajakubali kukunjuka. Alisali amekaa, na akitoa salamu ya mwisho nilimwona akijifuta machozi. Kwake sala bila kusujudu ilikuwa kama mgeni anayebisha hodi halafu asiingie ndani.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa choo. Chetu kilikuwa nyuma ya nyumba, ng'ambo ya uwanja, na tayari alikuwa anakwenda akishika ukuta.

"Siku nitakayotambaa kwenda chooni, Mwaju," aliniambia, "uniombee kwa Mungu anichukue."

Mtoto wa miaka tisa akiambiwa neno kama hilo, halali vizuri.

Tulikuwa na jirani, Mama Debora, Mmoraviani aliyetokea upande wa Sikonge. Kila alasiri alikuja na mafuta ya karanga aliyoyapasha moto, akaketi chini, akamkanda Bibi magoti yote mawili. Akimaliza, alimshika kiunoni na kumzungusha uwanjani, mizunguko mitatu, Bibi akipiga kelele.

"Goti limeamkaje leo, dada?"

"Goti limeamka. Mwenyewe ndiye bado nimelala."

"Basi tumwamshe mwenyewe. Simama."

"Wewe mwanamke una roho ya askari jela!"

"Na wewe una makalio ya gunia la mpunga. Simama, nina watoto wa kuwapikia."

Walicheka mpaka wakakohoa. Ila hakuna aliyeyaita yale mafuta dawa. Yalikuwa mafuta ya karanga, ya kukaangia, na yule alikuwa Mama Debora tu. Dawa kwetu ilikuwa kitu kinachotoka mbali, kinachokuja na masharti.

Ikaja hivyo. Kulikuwa na mzee mmoja wa Ipole, mrina asali, aliyekuwa akileta asali mjini na kushukia kwa ndugu zake mtaa wa Ng'ambo. Ndiye aliyemwambia Bibi habari za mninga. Kila mtu wa kwetu anajua mninga ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu. Wazee waliamini mti wenye damu unaweza kurudisha mafuta kwenye viungo vilivyokauka. Magome yabanduliwe upande wa mawio na upande wa machweo, yachemshwe kwenye chungu, na maji yake mekundu yapikiwe uji wa ulezi wenye asali. Kikombe kimoja kila asubuhi.

Bibi aliogopa shirki, kwa hiyo alijihoji mwenyewe kwa sauti. "Hiki ni chakula. Uji ni chakula. Asali imetajwa ndani ya Kurani. Mti nao kaumba nani?"

Sharti lilikuwa moja. Magome yabebwe na binti ambaye hajavunja ungo, na tangu anapoyapokea mpaka yanapoingia kwenye chungu asitoe neno. Akisema njiani, dawa imevunjika.

"Hata ukiitwa, usiitike," Bibi alinionya. "Hata ukijikwaa. Unanisikia, mke mwenzangu? Miguu yangu iko mdomoni mwako."

Nilikwenda Ng'ambo asubuhi. Yule mzee akanipa magome yamefungwa kwenye kitambaa cheupe, akaweka kidole mdomoni, nikaanza kurudi. Msomaji asiyelelewa Tabora anaweza kudhani hii ni kazi nyepesi. Sisi tulilelewa kumwamkia kila mkubwa tunayempita, mmoja mmoja, hata wakiwa kumi wamekaa pamoja. Nilimpita mama muuza dagaa bila shikamoo, akaniambia, "Siku hizi hatuamkiwi?" Nilimpita fundi baiskeli, akapaza sauti, "Jamani, mjukuu wa Bibi Kalunde leo bubu!" Wenzake wakacheka. Machozi yalinitoka lakini nilibana meno.

Nilipokaribia nyumbani kabisa, nikakutana na ustadhi wetu wa madrasa. Akasimama. Akasema, "Asalaam aleikum."

Wiki ileile alikuwa ametufundisha kwamba kuanza kutoa salamu ni sunna, lakini kuijibu ni wajibu, na asiyeijibu amebeba dhambi. Alikuwa ametuuliza mmoja mmoja, na mimi ndiye niliyejibu sawasawa akanisifu. Sasa ananitazama. Nyuma ya macho yake niliona moto, na kwenye mkono wangu niliona miguu ya Bibi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Waaleikumu salaam. Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba. Mbona unalia?"

"Silii."

Maneno yote yalikuwa yametoka. Nilikimbia nyumbani, nikatumbukiza magome kwenye chungu, yakatoa wekundu wake. Bibi akaniuliza, "Ulisema na mtu?"

Nikasema, "Hapana, Bibi."

Akanivuta akanibusu utosini.

Siku za kwanza uji ulionekana kufanya kazi. Siku ya nne Bibi alisimama bila ukuta, akapiga vigelegele, na mimi nikadhani Mungu amenifichia. Wiki iliyofuata goti la kulia likafura, likawa la moto, akashindwa hata kugeuka kitandani. Mama Debora alikuja kukanda, Bibi akalia kama mtoto. Yule mzee wa Ipole aliporudi mjini na asali yake, alikuja kumwona. Akatazama goti, akatazama chungu.

"Dawa hii imevunjwa," alisema. "Ama aliyeibeba alisema, ama mkono mwingine umegusa chungu."

Bibi akanigeukia. "Mwaju?"

"Sikusema, Bibi. Wallahi."

Huo ndio uongo wa pili, na niliuapia.

"Mjukuu wangu si muongo," Bibi akamwambia yule mzee. Kisha nikamwona akifikiri, na niliona anakofikia. Kuna asubuhi moja chungu kilifurika, na Mama Debora, aliyekuwa amekuja kuomba moto, alifunua kifuniko.

Alasiri Mama Debora alikuja na mafuta yake. Bibi hakumkaribisha.

"Ulifunua chungu changu."

"Kilikuwa kinamwagika, dada. Kingezima moto."

"Ulitaka kuona nini ndani?"

"Nione nini? Uji?"

"Nyinyi mmesema dawa zetu ni za kishenzi. Mmefurahi sasa."

"Dada Kalunde, mimi na wewe ndio tunaongea hivi?"

"Usinikanyagie uwanja wangu tena. Umenikata miguu."

Mama Debora alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda, nami nikatazama chini. Akaichukua sufuria yake ndogo, akaondoka.

Basi ikawa hakuna wa kukanda, hakuna wa kumshika kiuno na kumzungusha. Nilijaribu mimi, kwa mikono yangu myembamba na mafuta ya kuazima, akaniambia niache, naumiza. Miguu ikakaza. Haikupita muda mrefu nikamwona Bibi Kalunde, mwanamke yule mrefu, akivuka uwanja kwa viganja na magoti yaleyale, kanga ikiburuta vumbini, na mimi nyuma yake na kopo la maji. Aliniambia nisitazame. Sikumwombea afe kama alivyoniagiza. Niliomba nife mimi.

Hatimaye nilivuka kwenda kwa Mama Debora, nikamkuta anapeta mchele. Nikamwambia yote: ustadhi, salamu, kiapo. Nilitegemea anishike mkono twende kwa Bibi. Aliendelea kupeta.

"Nilijua," alisema. "Siku ile uso wako ulisema."

"Nikamwambie?"

Akaweka ungo chini. "Bibi yako sasa hivi ana nini duniani? Miguu hana. Mimi kanifukuza. Ana wewe. Akijua ni wewe, atabaki na nini? Nyamaza. Mimi ni mtu mzima, nitabeba."

Nikanyamaza. Nilisema moyoni kwamba namtii mkubwa. Leo nakiri kwamba nilitii kwa sababu lilinifaa. Angeniambia nikaseme, nisingetii upesi hivyo.

Bibi alifariki masika ya pili baada ya hapo, hakuwa amesimama tena. Mama Debora alikuja msibani, akateka maji tangu asubuhi, akakaa mwisho wa mkeka. Hakuna aliyemsogezea chai.

Sasa magoti ni yangu. Binti yangu ananiletea makopo ya virutubisho: unga wa mlonge, manjano na tangawizi, vidonge vilivyochorwa mifupa inayong'aa. Hata unga wa mninga umo, umetiwa kwenye kopo lenye mfuniko wa kijani, na muuzaji ananihakikishia ni asili tupu. Natumia, sitasema uongo. Mtu mwenye maumivu anameza chochote anachopewa kwa maneno mazuri. Lakini hospitalini dada mmoja wa mazoezi ya viungo alinieleza kwamba ule mto laini ulio kati ya mfupa na mfupa umelika, na hakuna kopo linaloweza kuurudisha. Akanionyesha cha kufanya: kitambaa cha moto, kukanda taratibu, na kutembea kila siku hata kama panauma, maana goti lisipotembezwa linafunga. "Una mtu wa kukushika nyumbani?" aliniuliza. Nililia pale mbele yake, na akadhani ni goti.

Mwaka huu nikamtafuta Debora mwenyewe, maana mama yake naye ametangulia. Nilikaa sebuleni kwake nikamweleza kila kitu, nikamwomba radhi kwa niaba ya Bibi na kwa nafsi yangu. Alinisikiliza amekunja uso, kama mtu anayesomewa barua isiyo yake.

"Mbona Mama alituambia waligombana kwa ajili ya kuku?" alisema. "Eti kuku wetu walimaliza mchicha wa bibi yako, ndiyo maana hatuendi tena kwenu. Sisi tuliwafungia wale kuku mwaka mzima."

Hata kwa watoto wake hakusema kwamba alishutumiwa kumharibia Bibi dawa. Alitafuta kosa dogo, akalichukua, ili sisi tusionekane wabaya.

Kama mninga unaponya au hauponyi, sijui, wala sijui kama neno linaweza kuivunja dawa. Hayo namwachia aliyeuumba mti. Namwomba msamaha kila sala, nikiwa nimekaa kwenye kiti, na naamini ni mwingi wa kusamehe. Lakini Bibi alitambaa akiamini kwamba rafiki yake ndiye aliyemkata miguu, akafa akiamini hivyo. Nilikuwa naweza kumwondolea mzigo huo kwa maneno machache, gizani, bila hata kuinuka. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja.