Kimchi ya Jirani

Tulipokuwa tukikaa mji wa Sur, ng'ambo ya bahari, mtambo wa gesi wa Qalhat ukijengwa, jirani yetu Mkorea alimletea bibi yangu bakuli la kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Bibi, mzaliwa wa Unguja, harudishi chombo kitupu: alikijaza achari ya ndimu, tukampelekea.

Nikamuuliza jirani kwa Kiingereza neno kimchi limetokana na nini. Akasema zamani likitamkwa chimchae, yaani mboga zilizozamishwa katika maji ya chumvi. Nikamtafsiria bibi.

"Subhanallah! Mapishi yamo ndani ya jina!"

Jirani akaonja achari, macho yakamtoka. "Na jina hili lenu, achari, asili yake nini?"

Nilipomtafsiria, bibi akanitazama. Wazee wetu wameila achari, wamevuka nayo bahari, na hakuna hata mmoja aliyeuliza jina lake limetoka wapi.