Kikapu Kilichokosa Guia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kalamu, daftari na mizani ya chuma iliyonizidi kimo. Stesheni ilikuwa mbali na kwetu Palma, ubavuni mwa mtaa wa zamani wa nyumba za mawe, na kila treni ikiingia wauza vitambaa wa mtaa ule walijazana dirishani petu hadi nikachanganyikiwa. Ninyi wajukuu zangu wa hapa Quitunda treni hamjaiona, basi nitawaeleza taratibu.

Nilikuwa karani wa mizigo. Kila mzigo ulikuwa na guia, karatasi ya safari: kipande kimoja hubaki na mzigo, kingine hutumiwa mpokeaji. Mkuu wetu tulimwita Chefe, mtu wa bara asiyejua Kiswahili. “Menina,” yaani binti kwa Kireno, aliniambia siku ileile, “hapa hatutoi mzigo kwa sura ya mtu.” Nilimwogopa, na nilimpenda.

Mwaka wa pili kikaja kikapu cha ukindu kutoka pwani yetu, kwa lori kisha kwa treni. Guia ilikuwa imeloa, jina halisomeki. Mdomo wa kikapu ulifungwa kwa kamba ya makumbi, fundo moja dogo. Chefe alitaka kutafuta jina ndani; akahangaika na fundo lile asubuhi nzima, hata kwa meno. Kukata kamba kuliruhusiwa siku ya kumi tu, kisha vitu viuzwe.

“Wewe si wa huko? Hulijui fundo hili?” akaniuliza.

Nikajibu silijui.

Siku ya kumi, kisu kikiwa mezani, akaingia mama mmoja wa makamo. “Mwanangu, nimefuata kikapu cha mama yangu.”

“Guia unayo, mama?”

“Sina. Barua yenye guia haikufika. Iliyofika ni habari ya msiba.”

Chefe akataka nimuulize ndani mna nini.

“Nitajuaje? Alikifunga mwenyewe. Ndicho cha mwisho alichonitumia.”

Nilipomtafsiria, Chefe alitikisa kichwa akashika kisu. Nikasema, “Chefe, mwache akifungue yeye.”

Yule mama hakulitazama hata fundo. Alivuta ncha fupi, likaachia. Ndani mlikuwa na kanga mbili zilizokwisha valiwa na mbegu za mpunga. Akazika uso kwenye kanga, akalia. Chefe akafuta miwani, akamwomba afunge fundo lilelile kwenye uzi, akaubandika daftarini mahali pa sahihi.

Sasa nimestaafu, niseme kweli. Fundo lile nalijua tangu utotoni. Wanawake wengi wa kwetu hulifunga. Ningelifungua tangu siku ya kwanza, lakini mzigo uliofunguliwa bila mwenyewe kuwepo, na ndani lisikutwe jina, uliuzwa palepale. Na kwa kuwa wengi hulijua, fundo lilithibitisha tu kwamba yule mama ametoka pwani. Je, kama kikapu hakikuwa chake? Bado najiuliza. Chefe aliwaonyesha wageni uzi ule miaka mingi, akijisifu kwamba sahihi ile haighushiki. Nami siri ile sikuitoa, kwa sababu nilimwona yule mama alivyozinusa zile kanga.